Mwenyekiti Aliyejipunguzia Kihamba

Ukimwona Mwenyekiti anakunja kona kuja kwako asubuhi ya Jumamosi, ujue siku yako imekwisha. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alibisha hodi vizuri, akauliza habari za watoto na za ng'ombe, kisha akavuta kigoda na kukaa pale mlangoni, mkoba mapajani. Ukimletea chai, anaitazama tu. "Chai yako nzuri sana mdogo wangu," anasema, "lakini siinywi mpaka nione jembe." Na sisi watu wa huku mlimani, mgeni akikataa chai yako mbele ya majirani, hiyo ni aibu itakayokufuata mpaka kanisani. Utalitoa tu jembe. Mimi nimelitoa mara nyingi, huku nasonya kimoyomoyo.

Mama huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi chetu cha kutunza chemchemi kila Jumamosi, na hata alipoacha uenyekiti hakuna aliyemwita jina jingine. Mchungaji naye alimwita Mwenyekiti. Tulikuwa majirani miaka mingi. Kihamba changu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, na chake vilitenganishwa na mfongo, ule mfereji wa wazee unaoshusha maji kutoka chemchemini mpaka kwenye migomba yetu sote wa upande huu. Mimi ni mama wa kuuza ndizi soko la Kiboriloni. Maji yasipofika kwenye migomba yangu, sina cha kupeleka sokoni. Kwa hiyo mtu asidhani nilikuwa nakwenda chemchemini kwa kupenda miti.

Na maji yalikuwa hayafiki. Kila kiangazi yaliishia njiani, mwaka huu hapa, mwaka unaofuata juu kidogo ya hapa. Watu walikuwa wamelima mpaka ukingoni mwa chemchemi, wamekata miti ya wazee wakachana mbao, na wenye ng'ombe wa ndani walifyeka majani mpaka kwenye tope. Ndipo wakaja watu wa ubia. Ndivyo walivyouita: kampuni moja ya ng'ambo inayonunua kahawa, shirika moja la mazingira, na sisi wakulima. Kampuni ilikuwa imejiahidi yenyewe, bila kulazimishwa na serikali yoyote, kwamba itasaidia kurudisha miti ili kupunguza ile hewa inayochafua hali ya hewa ya dunia. Na sisi, bila kulazimishwa, tungepanda miti ya asili kuzunguka chemchemi na kuliacha lile eneo lipumue. Kijana wa mradi, mtoto wa watu mwenye adabu kutoka Arusha, alilirudia neno hiari mpaka likatuchosha masikio.

"Mama, hapa hakuna kulazimishana," alimwambia Mwenyekiti. "Wabia wetu wanasisitiza sana hiari."

"Sawa mwanangu," akamjibu. "Lakini hiari ya mtu wa hapa lazima uifuate nyumbani kwake."

Na aliifuata kweli. Pale kwetu, ibada ikiisha Jumapili, kunakuwa na mnada nje ya kanisa: mikungu ya ndizi, kuku, maziwa, vyote watu walivyotoa sadaka. Siku moja Mwenyekiti akatokea na mche wa mringaringa kwenye mfuko wa plastiki, majani mawili tu, umesinyaa kama umetoka wodini. Akamwambia mnadishaji autangaze. Watu wakacheka. Lakini akainuka mama mmoja tunayeshindana naye sokoni, akataja bei. Aisee, ningekaa kimya? Nikapandisha. Akapandisha. Nikaibuka mshindi, uso wangu umejaa kiburi, ndipo nikamsikia Mwenyekiti anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Haya, na utaupanda lini, ili tuje wote tuone?" Nilikuwa nimenunua kazi kwa hela yangu mwenyewe! Toka siku ile kila mnada ulikuwa na miche, na mti wa mtu uliponyauka, usharika mzima ulijua ni wa nani.

Alipenda wageni, jamani, alipenda wageni mpaka ikawa aibu. Wabia wakija kutembelea chemchemi, alivaa kitenge kilichopigwa pasi na ile kofia yake ya Pasaka, na chini gambuti za matope. Alipenda kupigwa picha akiwa ameshika mche, na kama hakupendeza aliomba irudiwe. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya zamani, kimenyooka, na alikitumia hata pale ambapo mgeni alikuwa Mtanzania mwenzetu. Tulimcheka. Lakini mtu akijifungua, huyo huyo mwenye kofia ndiye wa kwanza kufika na bakuli la mtori. Alimpelekea hata binti wa nyumba moja iliyokuwa inamsema vibaya kila kukicha. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua na wale watu. "Mtoto hajanisema," akajibu.

Ulimi wake nao ulikuwa mkali. Mwanamume aliyekuja kazini amechelewa alikaribishwa kwa pole nyingi, kana kwamba ametoka msibani. Aliyepanda mche bila kuutoa kwenye plastiki, na wako waliofanya hivyo, alisimuliwa mwaka mzima. Wakati mwingine alizidi. Kuna watu waliacha kuja kwa sababu yake, na sitaki kumpamba; alijua kuumiza.

Halafu kulikuwa na mikaratusi. Upande wa juu wa kihamba chake, ule unaopakana na chemchemi, ilisimama mikaratusi mikubwa, mirefu kupita mnara wa kanisa, inanywa maji usiku na mchana. Kila mtu aliiona. Yeye aliyetukataza hata kupanda mgrevilea karibu na maji, yeye mwenyewe alikuwa na ile mijitu juu ya chemchemi. Ukimgusia, anakujibu polepole, "Ile ni ya marehemu," na mazungumzo yanakufa. Mumewe ndiye aliyeipanda, naye Mwenyekiti alikuwa mjane wa siku nyingi. Nani atabishana na marehemu?

Aliyebisha alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Mzee yule alikaa upande wa pili wa chemchemi, na ng'ombe wake wa maziwa walikuwa fahari yake yote. Majani yao aliyakata pale pale ukingoni. Mwenyekiti alipomfuata aingie kwenye kikundi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Shemeji, si umesema ni hiari? Hiari maana yake naweza kukataa. Basi nimekataa. Ukitaka niache majani yangu, kata kwanza mikaratusi yako." Akamletea chai. Mwenyekiti hakuinywa, na mzee hakutoa jembe. Ni yeye peke yake aliyeishinda ile chai.

Sasa nifike kwenye kosa, maana lilitokea, na lilikuwa kosa ambalo lingetokea kwetu tu.

Wabia walikuwa wanakuja kukagua, na walitaka eneo la chemchemi liwe na alama, ili ijulikane wapi pasilimwe wala pasikatwe majani. Kijana wa mradi alileta utepe wa rangi, tukauzungusha. Kufika Jumatatu watoto wamejifungia nywele, wengine wametengenezea mikia ya tiara. Mwenyekiti akakasirika. "Kwani sisi hatujui kuweka alama? Leteni masale!"

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukiuona, unajua hapa kwa fulani pameishia. Ukimkosea mtu, unampelekea isale kuomba radhi, na hawezi kukataa. Hakuna mtu mwenye akili zake atakayeng'oa isale la mpaka. Hilo hata watoto wetu waliozaliwa Dar wanalijua. Basi tukakata masale, tukapanda siku moja nzima kuzunguka chemchemi, tunaimba. Upande wa chini, kwa kuwa uzio wa masale wa Mwenyekiti ulikuwa tayari umesimama, tukaona tusijichoshe. Tukaunganisha mstari wetu na uzio wake. Tukanawa miguu tukaenda nyumbani, hakuna hata mmoja wetu aliyeona tulichokifanya.

Jumapili watu wakaona. Ukisimama njia ya kanisani ukatazama, uliona mpaka mmoja tu, umetoka nyumbani kwa Mwenyekiti, umepanda, umezunguka chemchemi yote, umerudi nyumbani kwa Mwenyekiti. Kihamba chake kilikuwa kimeimeza chemchemi. Hakuna aliyemwambia. Walimsalimia kwa kifupi tu na kupita. Jumamosi iliyofuata hakuja mtu. Mimi nililisikia sokoni, kutoka kwa mama yule yule wa mnada: "Kumbe miti ilikuwa ya geresha. Yule mjane anajitafutia ardhi, tena ya ukoo usio wake, awauzie Wazungu."

Nilimwendea mchana ule ule, hata ndizi sikuzimaliza. Tulipanda wote mpaka njiani, nikamwonyesha. Aliufuata mstari kwa macho mpaka nyumbani kwake. Kisha akakaa chini kwenye majani, na kitenge chake kizuri, akashika kichwa. "Mae!" akasema. "Nimefanya nini mimi?" Akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata siku ya mazishi ya mumewe, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Kijana wa mradi alipopata habari alikuja na pikipiki, mbio. "Si tuyang'oe tu, mama? Tuyapande upya vizuri." Bibi mmoja alitema mate pembeni. Maskini, hakuwa wa huku, tulimweleza baadaye. Masale yakishapandwa yamepandwa. Kuyang'oa pale kungekuwa balaa kubwa kuliko lile tulilokuwa nalo.

Hapo ndipo nilipomjua Mwenyekiti ni nani. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na safari hii kila chai aliyopewa aliinywa. Aliomba kitu kimoja tu, waje Jumamosi watazame, jembe waache nyumbani. Walikuja wengi, wengine kwa umbea. Shemeji yake alisimama mbali, kando ya ng'ombe wake. Mwenyekiti akakata masale kutoka kwenye uzio wake mwenyewe, akaingia ndani ya kihamba chake, akapita mikaratusi, akashuka chini yake mpaka karibu na migomba ya nyumbani. Hapo akaanza kupanda mstari mpya, kutoka ukingo huu wa kihamba mpaka ukingo ule. Tulitaka kumsaidia, akakataa. Alipomaliza alisimama, mikono imejaa udongo.

"Huku chini ni kwangu," akasema. "Kutoka hapa kwenda juu ni kwa chemchemi, mbele yenu wote. Na mikaratusi sasa iko ndani ya eneo la chemchemi. Sheria mnaijua, mimi ndiye niliyewasomea."

Hakuweza kung'oa mpaka, basi alijiwekea mwingine, akajipunguzia kihamba. Watu waliguna, kisha bibi mmoja akapiga kigelegele.

Mikaratusi ilikatwa wiki ile. Mwenyekiti alikaa jikoni anamenya ndizi za wafanyakazi, nami nikakaa naye. Kila mti ulipoanguka nyumba ilitikisika, naye aliacha kisu, akangoja, akaendelea kumenya. "Marehemu alikuwa anaipigia mluzi wakati anaimwagilia," aliniambia. "Mtu mzima, anaipigia miti mluzi."

Jioni shemeji yake alikuja. Hakukaa.

"Shemeji, umegawa ardhi ya kaka yangu."

"Nimeigawa."

"Umempa nani?"

"Maji."

"Maji hayana ukoo," mzee akasema. "Na miti yake umeiangusha."

"Shemeji, si wewe uliyesema nikate kwanza?"

"Nilisema kwa sababu nilijua hutakata!"

Akaondoka. Kuanzia hapo hakumsalimia tena. Kanisani alihamia mabenchi ya upande wa pili. Kilichomvunja moyo Mwenyekiti ni Krismasi. Wote mnajua Krismasi ya kwetu, mlima unajaa, magari kutoka Dar mpaka njia za migombani, kila ukoo unachinja na kila mtu ana fungu lake la nyama kwa nafasi yake. Fungu la mjane wa kaka halikuletwa. Alikuwa ameosha sinia la kupokelea, akaliweka mezani, akawaambia wageni ameacha nyama kwa ajili ya presha. Krismasi zilizofuata pia halikuletwa. Mimi nilimpelekea la kwangu, akashukuru, lakini halikuwa lile.

Kuhusu chemchemi, lile jambo lilifanya kazi ambayo mafunzo yote hayakuifanya. Hakuna tena aliyeweza kusema mama yule anaiba. Waliobaki wakaingia, isipokuwa shemeji yake. Mikuyu ikashika, miruka ikashika, na kiangazi kimoja nikasikia maji kwenye mfongo wangu nikadhani nimesahau kufunga bomba. Watu wa mpunga wa Mabogini, huko bondeni, walipanda kuja kutusaidia kupanda na gunia la mchele begani, wakasema wamekuja kutazama wali wao unakoanzia. Wakati huo huo kijiji cha jirani, chenye ubia ule ule, miche ile ile, bango zuri kuliko letu, miche ilikaukia nyuma ya ofisi kwenye mifuko yake. Hawakuwa watu wabaya. Walisubiri hiari ije.

Alikuja mtafiti kutuuliza ni kitu gani kilifanya ubia ufanikiwe. Tukatazamana. Mmoja akasema elimu, mwingine ushirikishwaji. Mwenyekiti mwenyewe, na kofia yake ya Pasaka, alisema mafunzo. Nilimbana baadaye: mafunzo gani? "Sasa ulitaka nimwambie nini?" akaniuliza. "Aandike kwamba shemeji yangu hanisalimii?"

Baadaye mkataba uliisha. Kampuni ilibadilisha mipango, hatukuelezwa vizuri. Kijana wa mradi alipiga simu kuaga. Jumamosi zikapungua watu. Mwenyekiti alijaribu kuzunguka tena kukalia vigoda vya watu, lakini miguu ilikuwa imechoka, na siku moja aliteleza kwenye tope la mfongo akavunjika nyonga. Binti yake akamchukua akae naye mjini, Moshi. Uenyekiti akapewa mtu mpole sana, anayekunywa chai yote anayopewa.

Mara ya mwisho nilimkuta kitandani, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Nilikuwa nimemletea ndizi ng'ombe za kupika na maziwa ya mgando. Amekonda, lakini nywele zimesukwa.

"Shikamoo Mwenyekiti."

"Marahaba mdogo wangu. Kaa. Nani anakwenda Jumamosi?"

Hakuuliza habari za nyumbani wala za soko. Nikajikanyaga. Nikaanza na mvua, nikaanza na homa ya ndama wangu.

"Niambie tu," akasema. "Nimelala hapa sina pa kukimbilia. Wameacha?"

Machozi yalikuwa tayari yamemjaa machoni, na nikajua hakuna alichobakiza zaidi ya jibu langu. Alikuwa ameacha ardhi, miti ya mumewe na fungu lake la nyama, akaniuliza kama ilikuwa bure.

"Wengi wameacha," nikamwambia. "Mimi mwenyewe naruka Jumamosi nyingine. Lakini miti haijaguswa. Palizi imefanywa, mfongo umezibuliwa mpaka kwangu."

"Na nani?"

"Shemeji yako."

Alinitazama kama nimemtukana.

"Nakuapia. Anakwenda peke yake, asubuhi kabla watu hawajatoka. Ukimkuta anasema anatafuta majani ya ng'ombe, lakini mkononi ana jembe, na majani hajakata hata moja. Amepanda pale ilipokuwa mikaratusi. Mringaringa, mistari kabisa. Na Mwenyekiti, anaipigia mluzi."

Alifunika uso kwa khanga. Mabega yalitikisika, nikadhani nimemuua, kisha nikasikia anacheka, na analia, vyote pamoja. Binti yake alikuja mbio kutoka jikoni, nikampungia mkono atulie. Alipojifuta, alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua amebaki nazo.

"Amejiandikisha?"

"Hakujiandikisha wala hakuulizwa."

"Usimwambie kwamba nimejua," akasema. "Umenisikia? Akijua nimejua, ataacha."

Nilipopanda nyumbani jioni ile nilimkuta mzee mwenyewe amesimama kwenye njia ya juu, kama anasubiri mtu mwingine. Nikamwamkia. Akauliza mgonjwa anaendeleaje, nikasema anaendelea vizuri, anakula. Akatazama matope ya viatu vyake.

"Ameniulizia?"

"Hapana, mbee," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole. Niliona nimemchoma, nikatamani kumrudishia neno, nikaubana mdomo wangu mpaka ukauma. "Mbishi yule mama," akasema mwishowe, akageuka kwenda zake. Jumamosi nilidamka mapema, nikasimama kwenye migomba nikiomba Mungu mzee asiwe ameacha. Maji yalikuwa yanashuka na udongo mbichi, mtu alikuwa anapalilia huko juu.